Minyoo na sahani yako: mwongozo kwa kaya za mwambao wa Ziwa Victoria

Mtoto wa Kayenze au Igombe, huku Mwanza, anaweza kumeza dawa ya minyoo shuleni kila mwaka na bado akabaki na tumbo kubwa, nywele hafifu na usingizi darasani. Wazazi wengi hapo husema dawa imeisha nguvu. Mara nyingi dawa imefanya kazi yake. Kilichokosekana ni chakula cha kurudisha alichopoteza mtoto, pamoja na hatua za kuzuia minyoo wapya wasiingie. Mwongozo huu unagusa yote mawili, lakini nitakaa zaidi kwenye chakula kwa sababu ndicho kinachosahaulika.

Niseme msimamo wangu mapema: hapa sitakutajia chakula cha kukuondolea minyoo bila dawa. Kazi ya chakula ni nyingine, nayo ni kubwa. Ndicho kinachoamua kinga ya mwili itapambana kwa nguvu kiasi gani, damu iliyopotea itarudi lini, na kwa nini watoto wawili wenye minyoo wale wale, mmoja anacheza mpira na mwenzake hawezi kupanda mlima wa Mabatini bila kupumzika.

Mjue anayekula nawe

Minyoo hawafanani, na hasara wanayoleta haifanani, kwa hiyo hata chakula cha kuifidia kinatofautiana.

Minyoo wa safura huingia kwa kutoboa ngozi, mara nyingi ya miguu iliyo peku, kisha hushika ukuta wa utumbo mwembamba na kunyonya damu. Wapo wa aina mbili kuu: mmoja hunyonya takriban mililita 0.03 kwa siku, mwingine hadi 0.2. Inaonekana kidogo. Lakini minyoo 200 wa ile aina isiyo na pupa ni mililita 6, yaani zaidi ya kijiko cha chai cha damu kila siku, kwa mtoto ambaye nyama huiona sikukuu. Safura ni suala la madini ya chuma na protini.

Askaris ni yule mrefu wa mviringo, sentimita 15 hadi 35, ambaye watu humwona kwenye choo na kushtuka. Yeye hanyonyi damu. Anaishi katikati ya chakula chako kinachomeng'enywa na kuharibu ufyonzaji wake, hasa wa mafuta na vitamini A. Watoto wenye askaris pia wameonekana kumeng'enya kwa shida sukari iliyomo kwenye maziwa. Jike mmoja anaweza kutaga mayai kama 200,000 kwa siku, na mayai hayo hudumu kwenye udongo kwa miaka.

Minyoo mjeledi hukaa kwenye utumbo mpana. Wakiwa wengi huleta kuharisha kamasi na damu, na mtoto hudumaa.

Kichocho cha tumbo, ambacho huku ziwani ndicho kinachonitia hofu zaidi, ni habari nyingine kabisa. Minyoo wake wakubwa wanaishi ndani ya mishipa ya damu inayozunguka utumbo, kwa hiyo unachokula hakiwafikii. Mayai yao ndiyo hupasua ukuta wa utumbo ili yatoke na choo, na mengine hukwama kwenye ini na kulitia makovu. Usimwamini anayekuambia kuwa mizizi, chumvi au pilipili itamtoa kichocho tumboni. Tumboni hayupo.

Tegu huja na nyama ya ng'ombe au ya nguruwe isiyoiva. Nitamrudia kwa kifupi.

Chakula kinabadilisha nini hasa

Kufukuza minyoo ni kazi ya ujenzi. Utumbo hutoa ute mwingi, hubadilisha seli za ukuta wake kwa kasi na kujisukuma zaidi, na kinga ya mwili hutengeneza askari wake. Vyote hivyo vinahitaji protini na madini ya zinki. Panya wa maabara walionyimwa protini huchelewa kuwatoa minyoo wao, na upungufu wa zinki huleta shida hiyo hiyo. Kwa kondoo, majike wanaokaribia kuzaa wakiongezewa protini hutoa mayai machache ya minyoo kwenye kinyesi.

Nyuzinyuzi ni hadithi yenye utata zaidi, na inafaa kuisikia yote. Inulini ni nyuzinyuzi laini iliyomo kwenye vitunguu maji na vitunguu saumu. Nguruwe waliolishwa inulini kwa wingi huko Denmark walipungukiwa na minyoo wa utumbo mpana. Halafu panya wenye jamaa wa minyoo mjeledi wakapewa inulini hiyo hiyo, na minyoo wakakaa muda mrefu zaidi. Chakula kile kile, matokeo mawili yanayopingana. Huenda sababu moja ni kwamba bakteria wa utumboni wanahusika pia: mwaka 2010 watafiti wa Manchester walionyesha kwamba mayai ya minyoo mjeledi wa panya huanguliwa kwa msaada wa bakteria hao. Ukibadilisha chakula unabadilisha bakteria, na ukibadilisha bakteria unabadilisha makazi ya mnyoo, kwa njia usiyoweza kuikadiria ukiwa jikoni. Ndiyo maana sikupi chakula kimoja cha ajabu, na nakuomba uwe na shaka na kila unga unaouzwa kwa jina la kusafisha tumbo.

Hatua ya kwanza: pima kabla ya kubahatisha

Nenda zahanati au kituo cha afya na choo cha asubuhi hiyo hiyo, kwenye kikopo kikavu chenye mfuniko, bila kuchanganyika na mkojo. Usikiache kwenye mkoba hadi mchana, kwani mayai ya safura huharibika haraka. Omba na kipimo cha kiwango cha damu, hasa kwa mtoto, mjamzito na mwanamke anayepata hedhi nzito.

Kwa kichocho, jibu moja la "hakuna" lisikutulize sana. Mayai hayatoki kwa wingi sawa kila siku. Kama unavua, unafua ziwani au unachota maji kwa kuingia ndani, rudia kipimo siku nyingine, na mwambie mtaalamu wa maabara kazi yako. Taarifa hiyo moja humbadilishia namna ya kutafuta.

Hatua ya pili: panga dawa pamoja na mlo

Hapa chakula kina kazi ya moja kwa moja, na watu wengi wanakosea.

Dawa ya kichocho ni prazikwanteli, na huliwa baada ya chakula. Kula kwanza, kushiba kabisa: ugali na mboga yenye mafuta, wali na maharage, au uji mzito wenye karanga kama ni asubuhi ya shule. Chakula huongeza kiasi cha dawa kinachoingia kwenye damu, na dawa hii lazima iingie kwenye damu kwa sababu mnyoo yuko huko. Tena hupunguza kichefuchefu, kizunguzungu na maumivu ya tumbo. Mtoto anayepewa vidonge hivi akiwa na njaa anaweza kutapika mbele ya wenzake, na mwaka unaofuata mama anamficha nyumbani siku ya kingatiba, yaani ya kugawa dawa kwa wanafunzi wote. Mzazi, siku ikitangazwa, mwamshe mtoto mapema umpikie. Kipimo cha kawaida ni miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito, kwa hiyo mtu wa kilo 60 humeza vidonge vinne vya miligramu 600. Mwache mtoa huduma akupime uzito au urefu na akuhesabie.

Albendazo ni tofauti. Kwa safura na askaris, tunataka dawa ibaki utumboni walipo minyoo. Chakula chenye mafuta mengi huivuta iingie kwenye damu, jambo linalotakiwa kwa magonjwa mengine, si kwa haya. Unaweza kuinywa ukiwa umekula au hujala, ila usiisindikize na chipsi na kuku wa kukaanga. Kawaida ni miligramu 400 mara moja kwa mwenye miaka miwili na zaidi, na nusu yake kwa mtoto wa mwaka mmoja hadi miwili. Chini ya mwaka mmoja hapewi. Mjamzito asinywe katika miezi mitatu ya kwanza. Mtoto mdogo asilazimishwe kumeza kidonge kizima huku analia, maana anaweza kupaliwa. Kiponde, changanya na maji kidogo, subiri atulie. Ujue pia kwamba dozi moja ya albendazo mara nyingi haiwamalizi minyoo mjeledi, kwa hiyo kama ndio walioonekana maabara, uliza kuhusu dozi za siku zaidi.

Ile desturi ya kufunga kula na kunywa dawa ya kuharisha ili "kuwasukuma" minyoo iache. Haihitajiki kwa dawa za sasa, na kwa mtoto dhaifu ni hatari.

Watoto wa chini ya miaka mitano wana nafasi yao: Mwezi wa Afya na Lishe ya Mtoto, Juni na Desemba, ambapo hupewa matone ya vitamini A na dawa ya minyoo kwa walio na umri wake. Ni bure. Nenda.

Hatua ya tatu: wiki za baada ya dawa

Sasa tumefika ninapotaka tukae.

Tazama mlo wa kaya nyingi za mwambao. Ugali wa muhogo mchana, ugali wa muhogo usiku, michembe (viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa) asubuhi na chai ya rangi. Unga wa muhogo una protini kama asilimia 2 tu, wakati wa mahindi una karibu asilimia 8. Tumbo linajaa na mtoto analala bila kulia, lakini utumbo uliotobolewa haupati cha kujijengea. Siutukani muhogo, kwani umewavusha watu wengi kwenye njaa. Nasema usikae peke yake sahanini.

Jirani yake wa kwanza awe dagaa. Dagaa wakavu zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini, na kwa kuwa huliwa mzima, na kichwa na mifupa, hutoa chuma, zinki na chokaa kwa pamoja. Inaniuma kila ninapoona magunia yakipakiwa kwenye soko la Mwaloni, Kirumba, kwenda kuwa chakula cha kuku, wakati mtoto wa mvuvi aliyewavua anakula ugali na maji ya chumvi. Usiwatoe vichwa. Waoshe mara kadhaa kwa maji ya uvuguvugu mpaka mchanga uishe, wakaushe, wakaange bila mafuta mpaka wavunjike, watwange, uchekeche. Unga huo utie kijiko kimoja cha chakula kwenye bakuli la uji au mboga ya mtoto kila siku. Nunua waliokaushwa kwenye vichanja ukiweza. Waliokaushwa mchangani hubeba mchanga na kinyesi cha mifugo na ndege.

Kitu kimoja huwatisha wapishi: ule utepe mweupe unaokutwa ndani ya tumbo la baadhi ya dagaa wabichi. Ni mnyoo kweli, lakini safari yake hukamilika kwenye ndege wanaokula samaki, hana makao kwa binadamu. Mtoe, pika dagaa waive, kula.

Samaki ana faida nyingine isiyojulikana sana: akiliwa pamoja na mboga za majani au makunde, huufanya mwili ufyonze chuma kingi zaidi kutoka kwenye mboga hizo. Kwa hiyo mgagani, mchicha au majani ya kunde pamoja na dagaa kwenye sufuria moja ni bora kuliko mboga leo na dagaa kesho. Kamulia ndimu au limao, au kula chungwa au embe baada ya mlo, vitamini C hufanya kazi hiyo hiyo. Na chai isogee. Chai na kahawa zinafunga chuma cha mlo, kwa hiyo subiri angalau saa moja baada ya kula. Kwa mtu wa safura, hilo peke yake lina maana kubwa, na halina gharama.

Choroko, dengu, kunde na maharage loweka usiku kucha, mwaga maji, ndipo upike. Kuloweka hupunguza kemikali iliyomo ndani yake inayozuia chuma na zinki kufyonzwa. Kuchachusha uji na kuotesha nafaka hufanya vivyo hivyo. Kimea cha ulezi, ambacho Taasisi ya Chakula na Lishe ilikihimiza sana enzi za miaka ya 1980, kina faida ya ziada: kijiko kimoja kikitiwa kwenye uji mzito huufanya uwe mwepesi, mtoto akanywa unga mwingi zaidi kwa kikombe kile kile. Kwa mtoto aliyetoka kuugua na asiye na hamu ya kula, ni msaada mkubwa. Kama unatumia mtama badala ya ulezi, ondoa machipukizi na mizizi yote na uupike vizuri, kwa sababu machipukizi yake yana sumu.

Kwa aliyekuwa na askaris, fikiria vitamini A: viazi lishe vya rangi ya chungwa, ambavyo mbegu zake si ngeni Kanda ya Ziwa, maembe, papai, mboga za kijani, na maini yakipatikana. Vyote viliwe na mafuta kidogo, ya alizeti au ya pamba, au karanga zilizotwangwa, kwa maana vitamini hii haifyonzwi bila mafuta. Kama maziwa mabichi yaliyochemshwa yanamletea mtoto gesi na kuharisha, mpe mgando. Bakteria wa mgando wameshakula sehemu ya ile sukari inayomsumbua. Hakikisha tu maziwa yalichemshwa kabla ya kugandishwa.

Swali huja hapa: kwa nini nisinunue tu vidonge vya kuongeza damu? Mjamzito hupewa kliniki, na avimeze. Lakini mtoto asinunuliwe dukani bila kupimwa. Mwaka 2006 matokeo ya utafiti mkubwa wa Pemba yalionyesha kuwa watoto waliopewa chuma na foliki asidi kwa jumla, kwenye eneo lenye malaria nyingi, walilazwa na kufa zaidi ya wenzao. Mwanza ina malaria. Pima damu, pima malaria, kisha mtaalamu aamue. Chuma cha dagaa na mgagani hakina hatari hiyo.

Vitu vinavyosifiwa, na vinavyolaumiwa

Mbegu za papai zina ushahidi kidogo. Mwaka 2007 huko Nigeria, watoto 60 wenye vimelea vya tumbo waligawanywa, wengine wakapewa unga wa mbegu zilizokaushwa pamoja na asali, wengine asali peke yake, na wa mbegu walipona kwa wingi zaidi. Ni jaribio dogo. Ukila mbegu hizo mara moja moja hakuna ubaya kwa mtu mzima, lakini zisichukue nafasi ya dawa, na mjamzito aziache. Mbegu za maboga kula kwa sababu zina zinki na mafuta mazuri. Kitunguu saumu ni kiungo. Mafuta ya mwarobaini usimnyweshe mtoto kabisa, yamewahi kuwaletea watoto wadogo degedege na kuharibu ini.

Sukari haizai minyoo. Mtoto haambukizwi na pipi, ila mkono uliotoka mchangani ukaingia mdomoni na pipi hiyo.

Udongo wa kula, ule unaouzwa vipande sokoni na wajawazito kuupenda, unahitaji huruma kuliko kukemea. Hamu hiyo mara nyingi inakwenda na upungufu wa damu, na udongo wenyewe unaweza kuzuia chuma kufyonzwa, halafu unaweza kubeba mayai ya minyoo. Mwenye hamu hiyo apimwe damu. Damu ikipanda, wengi huiona hamu ikipungua.

Hatua ya nne: jikoni

Mayai ya askaris yananata na ni sugu. Siki, chumvi na ndimu kwenye kachumbari haziyaui, na klorini ya kawaida haitoshi. Moto unayaua. Mboga za kupikwa, pika. Za kuliwa mbichi, sugua kwa mkono jani kwa jani chini ya maji safi yanayotiririka, na nyanya, matango na karoti vimenywe. Kwenye milima ya Mabatini na Igogo, ambako vyoo vya shimo refu havichimbiki kwa mawe, mvua moja hushusha uchafu wa juu hadi kwenye bustani na visima vya chini. Baada ya mvua kubwa, mimi nisingekula kachumbari nisiyoiandaa mwenyewe.

Mishkaki na kitimoto viive mpaka ndani pasibaki wekundu. Mwenye tegu wa nguruwe atibiwe haraka na anawe mikono kwa sabuni, kwa sababu mayai yake yakimezwa na mtu huweza kujenga vifuko kwenye ubongo na kuleta kifafa.

Hatua ya tano: ziwa na miguu

Kula samaki wa ziwani hakuleti kichocho. Vimelea vyake hutoka kwa konokono na kupenya ngozi, hasa mchana wa jua kali. Maji ya ziwa ya kuogea yachote, yaweke kwenye chombo chenye mfuniko kwa siku mbili kamili, hapo vimelea watakuwa wamekufa, au yachemshe. Ya kunywa chemsha siku zote. Viatu kwa safura, hata ndala, hasa shambani na njia ya chooni.

Lini urudi hospitali

Rudia kipimo cha choo baada ya wiki nne hadi sita, hasa kwa kichocho, kwa kuwa prazikwanteli haiwaui minyoo wachanga na huenda ukahitaji dozi nyingine. Kiwango cha damu kipimwe tena baada ya mwezi au miwili ya mlo uliobadilika.

Usisubiri tarehe hizo ukiona haya. Mtoto ambaye tumbo limevimba na kukaza, anatapika na hapati choo, huenda askaris wameziba utumbo: usimpe dawa ya minyoo nyumbani, mkimbize hospitali. Mtu wa ziwani anayetapika damu, anayetoa choo cheusi kama lami, au ambaye tumbo limejaa maji, kichocho kinaweza kuwa kimefika kwenye ini, naye apelekwe hospitali ya Sekou Toure au Bugando siku hiyo hiyo.